Mrithi wa Dola au Mrithi wa Himaya?

Mfasiri wa riwaya hukutana na jina lake kabla ya kukutana na watu wake. Riwaya ninayoizungumzia ni Heir to the Empire ya Timothy Zahn, mwandishi wa Marekani, iliyotoka mwaka 1991 ili kuendeleza visa vya filamu za Star Wars. Neno la kwanza la jina hilo halinisumbui: ni mrithi. La pili ndilo lenye kazi, kwa kuwa Kiswahili kinatupa maneno matatu, na kila moja lina tabia yake.

Milki ni kile kinachomilikiwa, wakiwamo watu waliohesabiwa pamoja na mali. Neno dola limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzunguka na kupokezana zamu, basi ndani yake mna anguko tayari: leo langu, kesho lako. Himaya ni ulinzi. Ni neno la adabu kuliko mengine, na kwa hiyo linastahili kutiliwa shaka kuliko mengine. Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, mlinzi na mtawala walikuwa mtu mmoja.

Nianze na dola, maana kitabu kinaanza pale zamu imekwisha kugeuka. Miaka mitano imepita tangu Kaizari auawe. Mji mkuu, Coruscant, umo mikononi mwa waasi wa jana ambao leo ndio serikali. Utawala wa kale umebakiwa na robo tu ya himaya yake ya zamani. Haya tunayaona kwa macho ya Pellaeon, nahodha mtu mzima wa manowari Chimaera, ambaye akiwatazama mabaharia wake huona vijana wasio na uzoefu wamekalia nafasi za waliokufa. Zahn hakuhitaji kutuonyesha magofu. Nyuso hizo changa zatosha.

Anayeushika utawala huo usianguke ni Amiri Mkuu Thrawn, mwenye ngozi ya buluu na macho mekundu, ndani ya dola lililowadharau wote wasio binadamu. Silaha yake kuu ni sanaa. Hujifungia chumbani kati ya taswira za sanamu na michoro ya mataifa anayopigana nayo, na humo hutambua ni wapi fikra za adui zitagota. Pigano la mwanzo kabisa kitabuni analishinda kwa njia hiyo.

Hapo mshairi hana budi kusita. Sisi husema kwamba fasihi ni kioo cha jamii, tukajisifu. Thrawn naye anakubali, kisha anakitumia kioo hicho kulenga shabaha. Wala jambo hili si la nyotani peke yake. Huko Berlin, katika chuo cha lugha za mashariki kilichowaandaa maofisa wa kwenda makoloni, Kiswahili kilifundishwa na C. G. Büttner, na mkusanyo wake wa tungo na nathari za Waswahili ulichapishwa mwaka 1894. Mkusanyo huo umetuhifadhia mengi, nami naushukuru. Lakini shukrani hainizuii kuuliza: tulisomwa ili tueleweke, au ili tutawalike?

Jibu la Zahn limo katika riwaya mbili zilizofuata, za mwaka 1992 na 1993, kupitia taifa la Wanoghri. Nchi yao iliharibiwa na vita vya angani. Darth Vader akawajia na msaada, nao wakaulipa kwa kuwatoa vijana wao wawe wauaji wa utawala ule. Kumbe msaada wenyewe ndio ulioizuia ardhi isipone, ili deni lisiishe kamwe. Rukh, mlinzi wa Thrawn, ni Mnoghri. Taifa lake linapoujua ukweli, ni yeye anayemuua bwana wake. Bingwa wa kusoma sanaa za mataifa hakumsoma aliyesimama nyuma ya kiti chake. Anayesoma watu ili awatawale huacha kusoma mara adhanipo amekwisha kuwatawala.

Aliyewafunulia Wanoghri ukweli ni Leia, binti wa Vader, wanayemtambua kwa harufu yake. Katika mirathi tunayoijua pwani, deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Thrawn alitwaa manowari, askari na watumishi, deni akaliacha liendelee kuzaa. Leia hakutwaa chochote ila deni. Kati ya wawili hao, mrithi wa haki ni nani?

Kwa hiyo, jina hilo ningeliandika Mrithi wa Himaya. Dola lingetueleza kuwa zamu hupita, na hilo twalijua. Himaya yatueleza ule uongo wa ulinzi unaorithiwa pamoja na manowari. Mwenye neno bora na alilete, ila kwanza alipime kwa masikio ya Mnoghri.