Gari, Hema na Njia za Watu: Kutoka Kampala hadi Karamoja

Mji wa Kampala wenyewe ulianza kama kambi. Mnamo Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliuvuka mto Nile bila kusubiri ruhusa ya Kabaka Mwanga. Alipofika katika makao makuu ya Buganda pamoja na askari wake Wasudani na wapagazi Waswahili, alijichagulia mwenyewe kilima cha kusimamishia mahema. Kilima hicho kilikuwa malisho ya swala, na kutokana na swala hao mji ukapata jina lake. Punde si punde kambi ikageuka ngome, na Januari 1892 vita vikapiganwa chini ya kilima hicho. Hayo yametokana na mgeni aliyepiga hema kwanza, akauliza baadaye.

Siku hizi hema zinatoka Kampala badala ya kuingia. Ijumaa jioni, au siku ya kwanza ya likizo, huonekana magari ya magurudumu manne yakipanda barabara ya Jinja au ile ya Gulu, yamebeba magodoro, madebe ya maji, sufuria na watoto. Wengine ni maofisa waliopata ruhusa ya siku chache, wengine ni wafanyakazi wa mjini waliochoshwa na vumbi na kelele za pikipiki. Wanataka kuiacha lami, kufuata njia za mashambani, na kulala mahali ambapo usiku nyota huonekana. Ni starehe njema, na kwa jamaa yenye gari tayari haina gharama kubwa. Lakini wengi huondoka na fikra moja yenye madhara, kwamba porini hakuna mwenyewe.

Mkazi wa Kampala asingepaswa kuamini jambo hilo, maana amekwisha kuona nyumbani kwake matokeo yake. Mabonde ya Lubigi na Nakivubo yalihesabiwa kwa miaka mingi kuwa matope matupu yasiyo na kazi. Watu wakayafukia na kujenga. Leo mvua ikinyesha saa moja, Bwaise hujaa maji hadi vizingitini, kwa sababu bonde lililokuwa likiyapokea maji hayo limebanwa. Kinamasi cha Nakivubo nacho ndicho kilichokuwa kikichuja maji machafu ya mji kabla hayajafika ziwani, karibu na Ggaba ambako mji huchota maji yake ya kunywa. Katiba ya mwaka 1995 imeweka maziwa, mito, vinamasi, misitu ya akiba na mbuga za taifa chini ya dhamana ya serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Basi ni ajabu kumwona mtu anayelalamikia mafuriko ya Bwaise siku ya Alhamisi, naye Jumamosi analizungusha gari lake katikati ya kinamasi cha kijiji cha watu, huku wenzake wakimpiga picha na kushangilia.

Kabla ya yote, gari. Kampala haikosi kitu katika jambo hili. Vipuri hupatikana katika soko la Kisekka na maduka ya Ndeeba, na mafundi wa Katwe wanaweza kuchomelea karibu kila kilichotengenezwa kwa chuma. Hata hivyo, fedha nyingi hutumika mahali pasipostahili. Hununuliwa taa kubwa za juu ya paa na tairi pana za kutishia watu, lakini gari halina koleo. Anayekwenda mbali achukue koleo, panga, kamba imara ya kuvutia, jeki pamoja na kipande cha ubao mpana wa kuiwekea chini ili isizame, tairi mbili za akiba, pampu, kipimo cha upepo wa tairi, mkanda wa feni, na maji ya rejeta mbali na maji ya kunywa. Magari mawili ni bora kuliko moja. Na kabla ya kuondoka, jamaa au rafiki aachiwe karatasi yenye njia itakayopitwa na siku ya kurudi. Polisi hawawezi kumtafuta mtu ambaye hakuna ajuaye alikokwenda.

Jamaa isiyowahi kulala hemani isianze na safari ya mbali. Maporomoko ya Ssezibwa yako mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini, njia ikiwa haina msongamano. Hapo ni mahali pa heshima kwa Waganda, ambao husimulia kwamba mto huo ulizaliwa na mwanamke pamoja na pacha wake, mto Bwanda. Wapo waendao kuomba huko, kwa hiyo muziki wa gari uzimwe. Mbele kidogo, ukikwisha kupita harufu ya kuku wa kuchoma wa Namawojjolo, upo msitu wa Mabira, uliofanywa msitu wa akiba mwaka 1932, na ambao mwaka 2007 wananchi walijitokeza barabarani kupinga sehemu yake isikatwe kwa kulimwa miwa. Panapo kambi rasmi hapo Najjembe. Usiku mmoja Mabira humfundisha baba kwamba hema linavuja, na humfundisha mama kwamba kiberiti kilisahauliwa, wakati duka bado liko karibu.

Safari yenyewe, ile izungumzwayo na wengi, ni ya Karamoja. Lami hupita Jinja, Iganga na Mbale, kisha barabara huelekea kaskazini kwa Sironko na Muyembe, ikapita hifadhi ya Pian Upe hadi Nakapiripirit na Moroto. Katika miaka ya karibuni lami imesogea sana upande huo. Lakini ukitoka Moroto kwenda Kotido, Kaabong na mbuga ya Kidepo, udongo bado ndio mtawala.

Kosa la kwanza la mtu wa Kampala ni kuhesabu mvua kwa kalenda ya kwao. Kampala ina masika mawili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Karamoja ina msimu mmoja tu, aghalabu kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Basi Julai, wakati shamba la Buganda limekauka na dereva anajiona salama, huko kaskazini udongo mweusi unaweza kuwa umelowa. Udongo huo ukikauka hupasuka na kuwa mgumu kama tofali. Ukinyonya maji huvimba, hunata, na kujaza mapengo ya tairi hata tairi ikawa laini kama chungu. Hapo magurudumu manne huwa manne ya kuteleza.

Dawa ya kwanza ni kungoja. Mvua ikikoma na jua likiwaka, saa chache zaweza kuibadili njia, na hakuna aibu kwa dereva aliyekaa kivulini akinywa chai. Ikibidi kupita, gari liingizwe katika gia nzito ya magurudumu manne kabla ya matope, si baada ya kukwama, na liende taratibu bila kusimama na bila kuchochewa. Tairi inayozunguka mahali pamoja haitoi gari. Inachimba kaburi lake. Na ipitwe njia ile ile iliyokwisha kukanyagwa. Hili ndilo linalopuuzwa mno. Dereva wa kwanza akiliona dimbwi hulizunguka pembeni juu ya majani. Wa pili hulizunguka la wa kwanza. Msimu ukiisha, njia ya upana wa gari moja imekuwa uwanja, majani yamekufa, na kila alama ya tairi imekuwa mfereji. Mvua ijayo huufuata mfereji huo, ukawa korongo, na korongo likakata njia ya ng'ombe waendao majini. Aliyefanya hayo yuko Kampala, ameketi, hana habari.

Kisha kuna mito ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka mito ya Karamoja haina maji yanayoonekana. Ni barabara nyeupe, pana, tambarare, yenye kivuli cha miti kandokando, na humvutia dereva kama sumaku. Tairi zikipunguzwa upepo, tuseme kutoka paundi 35 hadi 20, gari litaelea vizuri juu ya mchanga huo, mradi zijazwe tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kasi. Lakini mto huo si mkavu. Maji yapo chini ya mchanga, na wanawake wa Karamoja huchimba visima kwa mikono, kimo cha mtu au zaidi, wakateka maji kibuyu kwa kibuyu kwa ajili ya watoto na ndama. Kutoka ndani ya gari kisima hicho huonekana kama shimo tu. Gurudumu moja ukingoni laweza kubomoa kazi ya siku nzima, na laweza kumwangukia aliye ndani. Oili inayodondoka injini ikivuja haina pengine pa kwenda ila katika maji hayo hayo. Kwa hiyo mto wa mchanga uvukwe mahali pa kivuko tu, kwa pembe fupi, baada ya mtu kutangulia kwa miguu. Usifanywe barabara hata kwa hatua mia moja.

Wala usifanywe kitanda. Mlima Moroto una kimo cha mita 3,083, na mvua yaweza kumwagika huko juu wakati mbingu ya bondeni ni safi. Maji hushuka kwa ghafula yakibeba magogo na mawe, na hema lililotandazwa kwenye mchanga laini huondoka na waliolala ndani. Mtoto akishangaa kwa nini kambi isiwekwe pale panapopendeza, aonyeshwe vijiti na majani makavu yaliyonasa katika matawi ya miti juu ya kichwa chake. Hiyo ndiyo alama ya maji ya mwaka uliopita.

Mahali pa kulala patafutwe mapema, saa kumi alasiri, si jua likizama. Tena asitafute mgeni peke yake. Kila kijiji cha Uganda kina mwenyekiti wake wa LC1, na hakuna mwituni ambapo hatajulikana mwenye malisho. Mgeni asimamishe gari mbali kidogo na boma, ateremke, avue miwani ya jua, asalimie. Neno “Ejoka” litafungua milango, hata kama baada yake mazungumzo yatahamia Kiswahili cha askari. Aeleze ni wangapi, watalala usiku mmangapi, na aulize ng'ombe hupita wapi alfajiri. Mara nyingi ataonyeshwa mahali pema kuliko alipopafikiria.

Pamoja na hayo, askari na polisi wa wilaya wapewe taarifa. Wizi wa mifugo kwa bunduki ulipungua baada ya silaha kukusanywa katika zoezi la mwaka 2001 na lile la 2006, ukazuka tena kuanzia 2019, hata jeshi likaanzisha operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote mnamo Julai 2021. Afande wa kituo ndiye ajuaye ni bonde gani lililo shwari juma hili. Akisema hema lipigwe nyuma ya kituo, lipigwe nyuma ya kituo.

Ndani ya mbuga sheria ni kali zaidi, na kwa haki. Kidepo ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1962, na sasa iko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliyoundwa mwaka 1996. Hairuhusiwi kuacha njia kwa gari, kuendesha usiku, wala kulala nje ya kambi zilizowekwa. Wakati wa kiangazi maji hubaki katika bonde la Narus, na wanyama wote hukusanyika huko. Mbuni hutaga chini mbugani. Anayekata kona kumfuata simba kwa ajili ya picha huenda akapita juu ya mayai asiyoyaona.

Kambini mwenye kazi kubwa ni yule anayepanga maji. Lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, ni kiasi cha chini katika joto lile, na ziongezwe za siku moja ya kukwama. Moto mkubwa wa magogo ni fahari isiyo na maana mahali ambapo kuni hutafutwa kwa miguu na nyasi kavu hushika haraka. Jiko la makaa, lile liitwalo sigiri Kampala, lapika posho, maharage na chai vizuri kuliko moto wa mawe matatu, na halimalizi kuni za mwenyeji. Makaa yamwagiwe maji hadi mkono uweze kuyagusa. Choo ni shimo la kina cha shibiri moja, mwendo wa hatua 70 au zaidi kutoka majini, lifukiwe. Makopo, plastiki na nepi za mtoto havifukiwi, maana fisi na mbwa watavifukua. Virudi Kampala ndani ya gunia. Chandarua kisisahauliwe hata wakati wa kiangazi. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta mbung'o. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa sababu ya nge, na hakuna aendaye haja usiku bila tochi, kwani moma hulala njiani wala hakimbii.

Asubuhi ya kuondoka, kabla ya kufika lami, matope yakwanguliwe chini ya gari na kwenye tairi. Matope husafirisha mbegu, na gugu karoti, lile jani la maua meupe linaloua malisho na kuwasha ngozi, husambaa kwa namna hii kando ya barabara za Afrika Mashariki. Gari likifika mjini lioshwe mahali penye mfereji wa maji machafu. Vijana wa ukingoni mwa kinamasi watakuita kwa bei nafuu zaidi, lakini oili itakayooshwa pale itateremka na maji hayo kuelekea ziwani.