Mtoto naye ni mfiwa

Mwezi huu tuongee juu ya jambo tunalolikwepa sana majumbani: mtoto aliyefiwa na baba au mama. Mfiwa mkubwa tunamkalia matanga, tunampikia, tunamshika mkono. Mtoto tunamwambia, "Nenda ukacheze."

Mimi nilifiwa na mama nikiwa na miaka saba. Tulikuwa wakimbizi wa Kongo katika kambi ya Mudende, huku Gisenyi. Kambi ile ilishambuliwa mara mbili mwaka 1997, mwezi wa Agosti na tena Desemba. Mama yangu alikufa katika shambulio la Desemba. Sisi watoto tulipotezana naye usiku, katika mbio.

Asubuhi nikauliza, "Mama yuko wapi?" Mkubwa mmoja wa familia akanijibu, ati mama amekwenda sokoni Mahoko kununua viazi, atarudi. Alinihurumia, najua. Yeye mwenyewe alikuwa na vidonda vyake. Lakini mimi nilimwamini. Mahoko nilipajua, mama alikuwa anakwenda kweli. Basi nikakaa kumngoja.

Mwezi ule ule wa Desemba walionusurika wakahamishwa kwenda Gihembe, Byumba, mbali kabisa. Nilikataa kupanda gari. Nililia, nikapigwa kofi, nikaambiwa mimi ni mtoto msumbufu. Hakuna aliyeniuliza nalilia nini. Nilikuwa nafikiri: mama akirudi kutoka Mahoko na viazi vyake, atatukuta wapi?

Niliujua ukweli baada ya mwaka hivi, kwa kusikia wakubwa wakiongea. Siku hiyo sikulia, maana matanga yalikwisha zamani, na nani angelia na mimi? Hasira ndiyo ilibaki.

Mwaka 2023, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mvua kubwa ilinyesha na mto Sebeya ukafurika. Maji yaliingia Mahoko, sokoni na majumbani. Nchini Rwanda walikufa watu zaidi ya 130 kwa mafuriko na maporomoko ya siku ile. Nilipozisikia habari hizo niliwaza watoto: leo Mahoko kuna mtoto anayeuliza mama yuko wapi. Anajibiwa nini?

Na kwetu kambini wako wengi wanaouliza hivyo hivyo. Ndiyo maana nasema: tuwaambie ukweli. Tumia neno lenyewe, "amekufa". Usiseme amesafiri, maana mtoto atangoja. Usiseme amelala, maana ataogopa kulala. Mtoto mdogo wa miaka mitatu au minne hajui bado kwamba aliyekufa harudi, kwa hiyo atauliza leo, kesho na keshokutwa. Mjibu kila mara, kwa upole, maneno yale yale.

Mwambie pia kwamba si kosa lake. Watoto wengi wanawaza kimoyomoyo, "Mama alikufa kwa sababu nilimkosea." Hawasemi mpaka waulizwe.

Usishangae akilia asubuhi na mchana anacheza mpira. Huzuni ya mtoto inakuja na kuondoka. Akianza tena kukojoa kitandani, au kupigana shuleni, usikimbilie fimbo. Muulize kwanza. Na kama kuna ikiriyo, mruhusu akae na wengine, akitaka. Kama mwili haukuonekana au kaburi liko mbali, kaeni pamoja jioni moja, mtaje marehemu kwa jina, mwambie mtoto alipenda chakula gani na alicheka vipi.

Akifika miaka kumi na mbili atauliza upya, kwa maswali magumu zaidi. Akioa au akiolewa atauliza tena. Usimwambie, "Si nilishakueleza?" Sogeza kiti, mueleze tena.