Usitume Kontroboksi, Tuma Kapasita

Ndugu zetu wenye Pajero za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zile ambazo huku Uingereza ziliuzwa kwa jina la Shogun, wana ombi moja: "Nitafutie kontroboksi iliyotumika huko." Gari linamisi, linazima kwenye foleni, plagi zimebadilishwa na pampu ya mafuta pia, nafuu hakuna.

Mara nyingi mgonjwa ni kapasita iliyo ndani ya kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Ni kikopo cha alumini chenye karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Miaka ikipita, joto huchosha mpira wa chini, kimiminika huchuruzika na kula njia za shaba kwenye bodi.

Huku gereji nyingi hazifungui kontroboksi. Unaichomoa na kuituma kwa posta kwa mtaalamu, nayo inarudi na waranti. Kazi huwa safi, lakini mwenye gari haoni kilichoharibika wala kilichotengenezwa.

Gerezani, Dar es Salaam, fundi umeme anaifungua mbele yako. Anakuonyesha doa la kijani. Akigusisha pasi ya kulehemu, kimiminika kilichovuja kinatoa harufu kama ya samaki, na hapo hahitaji ushahidi zaidi. Anapima kila njia kwa mita. Iliyokatika anaiunga kwa unyuzi mmoja wa waya. Ustadi huo nauheshimu sana, na huku ni wachache walionao.

Kinachomwangusha ni kifaa. Kapasita anayoweka huenda imetoka kwenye redio mbovu: maikrofaradi sawa, volti zinatosha, ila imeandikwa nyuzi 85 na imeshachoka. Inayotakiwa ni mpya, ya nyuzi 105. Kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huongeza umri wa kapasita maradufu, hivyo tofauti ya nyuzi 20 si ndogo kwa gari la Dar. Pia bodi isafishwe kwa spiriti na brashi kabla ya kulehemu, la sivyo uchafu uliobaki utaendelea kula shaba chini ya kapasita mpya.

Kwa hiyo mwombe ndugu yako apige picha ya bodi, namba zisomeke, umtumie kapasita. Kontroboksi ya kwenye skrepa za huku ina kapasita za umri uleule, na huenda nazo zimeshaanza kuvuja.