Nilimwacha Babu Njiani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kumwongoza babu yangu, aliyekuwa kipofu. Zamani alikuwa mvuvi kwenye mto wenye maji ya kasi. Nzi wadogo weusi wa mtoni walimwuma miaka mingi, mpaka ugonjwa wanaouleta ukamharibia macho. Mimi nilishika ncha moja ya fimbo, yeye alishika ncha ya pili, tukaenda hivyo shambani, sokoni na kanisani. Wenzangu walikuwa shuleni. Mimi nilikuwa mbele ya fimbo.

Siku moja, tulipotoka sokoni, niliona watoto wakicheza mpira. Nikamwambia, «Babu, kaa hapa kidogo, nakwenda kunywa maji.» Jua lilikuwa limekwisha kushuka nilipomkumbuka. Nikamkuta amekaa palepale. Nilingoja kupigwa. Yeye alisema tu: «Mjukuu wangu, wewe ni mtoto, na mtoto hupenda kucheza. Kinachoniuma ni kwamba bila wewe siwezi kwenda hata hatua kumi.» Maneno hayo yalinichoma kuliko kiboko.

Baba aliposikia, aliwapanga watoto wote wa ukoo kwa zamu, kila mmoja siku yake. Ndivyo nami nilivyoingia shule.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma habari za Morris Frank, kijana wa Nashville, huko Marekani. Alipoteza jicho moja akingali mtoto, na la pili alipokuwa na miaka 16. Naye alikuwa akiwalipa watoto wamwongoze, nao walichoka upesi, mara nyingine wakamwacha wakaenda zao. Kumbe, hata huko! Niliweka kitabu chini, nikamkumbuka babu.

Mwaka 1927 baba yake Frank alimsomea gazeti moja. Ndani yake Bibi Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekaa Uswisi, alieleza jinsi Wajerumani walivyowafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka katika vita vya 1914-1918. Frank akamwandikia barua, akasafiri mpaka Uswisi mwaka 1928, akarudi na mbwa jike aliyeitwa Buddy. Mjini New York, mbele ya waandishi wa magazeti, wawili hao walivuka salama barabara kubwa yenye magari mengi. Mwaka 1929 wakaanzisha shule ya mbwa hao Marekani, nayo inafanya kazi mpaka leo.

Watu hudhani mbwa ndiye ajuaye njia. Sivyo. Anayeijua ni kipofu: yeye husema kushoto, kulia, mbele. Mbwa husimama penye ngazi au ukingo wa barabara, na humzungusha penye shimo. Akiamriwa kwenda mbele hali gari linakuja, hukataa. Basi kipofu ndiye mwenye safari. Hilo ndilo babu alilolililia.

Vijijini kwetu sijamwona mbwa wa namna hiyo. Kumfundisha mmoja hutaka miezi mingi na fedha nyingi. Lakini, ndugu msomaji, mambo mengine hayataki fedha. Usimsukume kipofu wala kumvuta: mpe kiwiko chako akishike, nawe utangulie nusu hatua. Mwambie penye ngazi na penye maji. Ukimwacha kidogo, usimwache uwanjani katikati. Weka mkono wake ukutani au kitini, umwambie unakwenda wapi. Ukitaka kujua anataka nini, mwulize mwenyewe, si mtoto anayemwongoza.

Tena, mwaka 1987 kampuni inayotengeneza dawa ya Mectizan iliahidi kuitoa bure kwa ugonjwa ule wa mtoni. Haiyarudishi macho yaliyokufa, bali huyalinda yaliyo mazima. Wagawaji wakifika kijijini, msijifiche.

Babu amekwisha kufa. Lakini kama nyumbani kwako yuko kipofu, na mtoto mmoja tu ndiye anayeshika fimbo kila siku, gawanyeni zamu: mtoto apate shule, na mzee asiachwe njiani.