Juma Mbili za Mwisho

Ni desturi ya kurasa hizi kujadili andalio la somo, matumizi ya ubao, uundaji wa zana na namna ya kuuliza maswali. Leo nawaomba radhi walimu wanafunzi, maana nitaanza na habari za miguu yangu mwenyewe. Sikusudii kumgeuza kila mwalimu awe mkimbiaji. Nakusudia kueleza jambo moja la ufundishaji ambalo lilinipita nilipokuwa chuoni, nikaja kufunzwa na barabara iendayo Magu: kwamba maandalizi mema yana mwisho, na mwisho huo nao una kanuni zake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika eneo la Kiseke, wilaya ya Ilemela, mahali ambapo nyumba zimejengwa baina ya majabali na ambapo jioni hufika upepo wa Ziwa Viktoria. Mwaka 2016 nilikabidhiwa Hisabati ya darasa la saba. Katika juma tatu za mwisho kabla ya mtihani niliwaamuru watoto wafike shuleni saa kumi na mbili asubuhi na waondoke saa mbili usiku. Kila siku niliwapa maswali 60. Jumapili nayo sikuiacha. Wazazi walinisifu, nami nikajiona mchapakazi asiye na mfano.

Palikuwa na msichana mmoja ambaye mwezi Juni alikuwa akikokotoa sehemu na asilimia bila kusita, hata wenzake wakimkimbilia awaeleze. Baada ya mtihani nilimkuta ameketi peke yake chini ya mti. Akaniambia, "Mwalimu, maswali nilikuwa nayajua, lakini namba zilikuwa zinacheza machoni." Matokeo yalipotoka, hakuwamo miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Nilisema kuwa aliingiwa na woga. Nilitafuta sababu kila mahali isipokuwa katika azimio langu la kazi.

Februari 2017 walimu wenzangu wawili nami tuliafikiana kwamba siku ya Nane Nane tungekimbia kutoka Kiseke hadi Magu. Kwa kipimo cha pikipiki ya mwenzetu, safari hiyo ilizidi kidogo kilomita 50. Marathoni, kama ijulikanavyo, ni kilomita 42 na mita 195; mbio yoyote inayozidi hapo huitwa ultramarathoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepata kukimbia hivyo.

Inafaa tufahamu kuwa mbio za namna hii zina uhusiano wa ajabu na nchi yetu. Mbio maarufu kuliko zote za masafa hayo barani Afrika ni zile za Comrades, baina ya miji ya Pietermaritzburg na Durban, zenye urefu wa kilomita 90 hivi. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza, akatembea kwa miguu kilomita zipatazo 2,700 katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya leo. Aliporudi kwao alitaka kuwakumbuka wenzake waliokufa, na mwaka 1921 wakimbiaji 34 wakaanza mbio ya kwanza. Haki haikuwamo tangu mwanzo: Waafrika weusi na wanawake hawakukubaliwa rasmi kushiriki hadi mwaka 1975.

Mshauri wetu alikuwa mzee mmoja wa mtaani, askari mstaafu, aliyekimbia sana ujanani. Alituagiza tuandike mpango wa juma 24. Nilipouandika nikaona kwamba haukutofautiana na azimio la kazi la mwalimu. Tulianza na dakika 40 za kukimbia na kutembea kwa zamu kuelekea Buswelu. Kila juma tuliongeza mwendo, lakini nyongeza haikuzidi sehemu moja ya kumi ya mwendo wa juma lililopita. Kila juma la nne tulipunguza, mwili upate kushika kilichotangulia. Jumamosi ilikuwa siku ya safari ndefu: kilomita 15 mwezi Machi, 24 mwezi Mei, 38 katikati ya Julai. Vilima tulivipanda kwa kutembea. Mifukoni tulichukua matobolwa, na katika chupa maji yenye sukari na chumvi kidogo, kwa kuwa tumbo nalo hujifunza kufanya kazi wakati miguu inakwenda.

Hayo yote niliyafuata bila ugumu. Ugumu ulikuja zilipobaki juma tatu. Tulikuwa tumefikia kilomita 75 kwa juma. Mzee akatuambia tushuke hadi 55, kisha 40, na katika siku za mwisho tusizidi 20. Kasi isibadilike, kinachopungua ni wingi. Nilimuuliza, "Mzee wangu, sasa ndipo tunapokaribia, nawe unatuambia tupumzike?" Akanijibu, "Mwalimu, usichokipata mpaka leo hutakipata tena. Ulichokwisha kukipata ndicho unachoweza kukipoteza."

Sikumwamini. Siku za mapumziko zilinitia mashaka makubwa kuliko siku za kazi. Usiku nilihisi kuwa nguvu zinanitoka, na kila kijiumivu cha goti nilikiona kuwa ugonjwa. Zilipobaki siku 12, nilitoka alfajiri peke yangu, pasipo kuwaarifu wenzangu, nikakimbia kuelekea Igombe, ufukweni mwa ziwa, na kurudi. Nilizidi kilomita 20. Siku hiyo nilijiona shujaa. Asubuhi ya pili nilishindwa kushuka ngazi kwa maumivu ya shavu la mguu wa kulia.

Mzee hakunigombeza. Alinieleza tu jambo ambalo wataalamu wa michezo nao hulieleza. Zoezi halimwongezei mtu nguvu wakati anapolifanya. Wakati huo humchosha, na misuli hupata michubuko midogo midogo. Nguvu hujengeka baadaye, katika usingizi na mapumziko, mwili unapotengeneza kilichoharibika na kujaza tena akiba ya sukari iliyomo ndani ya misuli. Anayeongeza kazi siku za mwisho hufika mstarini na uchovu wote, ilhali faida yake bado haijafika. Emil Zatopek wa Czechoslovakia, aliyejulikana kwa mazoezi makali kupita wenzake, aliugua tumbo na kulazwa hospitalini muda mfupi kabla ya mashindano ya Ulaya ya mwaka 1950 mjini Brussels. Alishinda mbio za mita 5,000 na za mita 10,000. Maradhi yalimlazimisha kupumzika, na hakupoteza alichokuwa amekijenga.

Siku ya Nane Nane tuliondoka saa kumi alfajiri. Tulipita Buswelu, tukaingia barabara kuu ya Musoma, na kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kuipita Kisesa. Baada ya Nyanguge shavu la mguu lilianza kunikaza. Daraja la mto Simiyu nililivuka kwa kuchechemea. Nilifika Magu saa tano na dakika arobaini, baada ya saa saba na dakika arobaini za mwendo. Mwenzangu mmoja, ambaye mara nyingi nilimwacha nyuma katika mazoezi, lakini aliyepumzika kama alivyoagizwa, nilimkuta kivulini anakunywa soda. Alikuwa amenitangulia kwa saa nzima.

Nilipokuwa nimeketi pale, na viatu nimevua, nilimkumbuka yule msichana. Nilikuwa nimemkimbiza hadi Igombe na kurudi, si mara moja bali kila siku, kwa juma tatu, kisha nikamwambia, "Haya, sasa kafanye mtihani."

Mtihani wa mwaka huo ulikuwa Septemba, mwezi mmoja mbele. Niliyoyafanya nayaeleza hapa ili walimu wanafunzi wayapime wenyewe.

Kwanza, nilimaliza mada zote mapema, na katika juma mbili za mwisho sikufundisha jambo lolote jipya. Mada mpya ya siku za mwisho haikomai, bali humfanya mtoto azitilie shaka hata zile alizokwisha kuzielewa.

Pili, nilipunguza wingi bila kupunguza ugumu. Badala ya maswali 60 nilitoa 15, yenye kiwango cha mtihani, yakafanywa asubuhi katika saa zile zile za mtihani. Mchana tulisahihisha pamoja, kila mtoto akieleza njia aliyoifuata.

Tatu, marudio niliyatenganisha kwa siku. Mtaalamu wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba jambo linalorudiwa kwa kuachiwa nafasi hukaa akilini kuliko linalorudiwa mfululizo kwa kipindi kimoja. Sehemu tulizirudia Jumatatu, tukaziacha, tukazirudia Alhamisi.

Nne, niliwaita wazazi. Niliwaomba watoto walale mapema, wale chakula cha jioni, na kwa juma hizo wapunguziwe kazi za kuchota maji na za sokoni. Baadhi walinung'unika wakidhani kuwa mwalimu amekuwa mvivu. Ilinibidi nieleze mara mbili na tatu.

Hapana budi niongeze onyo. Kupunguza ni kwa yule aliyekwisha kujenga. Mwalimu ambaye hakufundisha mwaka mzima hana cha kupunguza Septemba, wala asijifiche nyuma ya makala haya. Juma mbili za mapumziko zilitufaa kwa sababu zilitanguliwa na juma 21 za kazi.

Je, wote walifaulu? La. Baadhi walishindwa, na sababu za mtoto kushindwa ni nyingi kuliko ratiba ya mwalimu. Lakini walitoka katika chumba cha mtihani wakibishana juu ya majibu, na hakuna aliyeniambia kuwa namba zilikuwa zinacheza. Nilitambua pia kwamba mazoezi mengi niliyowapa mwaka 2016 yalikuwa dawa ya hofu yangu mimi, nayo waliinywa watoto.

Ndugu walimu wanafunzi, mtakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha mtasifiwa kwa kufanya mengi, na ni mara chache mtu atakayewasifu kwa kuacha kwa wakati. Kwa hiyo mnapoandika azimio la kazi, andikeni na mapumziko, mkiyapa tarehe kama mnavyozipa mada.

Yule msichana sasa ni fundi cherehani huko Buswelu. Kila tukutanapo hunisalimu, "Shikamoo, mwalimu," nami huitikia marahaba kwa haya kidogo. Siku moja nilimwambia wazi kwamba kosa la mwaka ule lilikuwa langu. Alisimamisha mashine, akafikiri, akasema, "Yamepita, mwalimu." Kisha akaniuliza iwapo wadogo zake, walioko shuleni kwetu sasa, huwa nawaacha walale.