Nasaba Isiyo na Mama

Nyumbani kwetu Ganako, chini ya misitu ya Ngorongoro, nilifundishwa utotoni kuwataja babu zangu upande wa baba, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea. Mama zao sikufundishwa.

Upungufu huo niliutambua niliposoma kitabu cha Sayyida Salme, binti Sultani wa Unguja, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1886. Nasaba ya Albusaidi huhesabiwa hivi: Ahmad bin Said, Sultan bin Ahmad, Said bin Sultan, kisha wanawe Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala Unguja kwa kufuatana tangu 1856 hata 1893. Ni mlolongo wa wanaume watupu. Salme, aliyezaliwa 1844, aliwarejesha wanawake: Jilfidan, mama yake, suria wa asili ya Kaukasi aliyetekwa angali mtoto, Sara, mama yake Majid, na Mhabeshi aliyemzaa Barghash. Kumbe wafalme walizaliwa na watu walionunuliwa!

Nilikifunika kitabu, nikamwendea baba, nikamwuliza jina la mama yake bibi. Alifikiri kitambo kirefu.

"Bibi yako alilijua," akasema.

Bibi tulikwisha kumzika.