Maua ya Kitulo

Barabara ipandayo kutoka Chimala kwenda Matamba watu wameiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Msafiri aliyeliacha joto la Usangu kwa shati jepesi hujuta kabla ya kuzimaliza kona hizo. Kwani huko juu, katika uwanda wa Kitulo, nchi imeinuka kadiri ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na ukungu huja upendapo.

Ndugu msomaji, aghalabu vitabu vya Ulaya hutuambia kuwa maua ya kondeni ni mapambo ya kiangazi. Kwetu sivyo. Maua ya Kitulo hufuata mvua, tangu Desemba hata Aprili. Aendaye Agosti ataona majani makavu na baridi tupu. Lakini atembeaye kwa miguu katika miteremko ile mwezi wa Februari hajui aanze kutazama wapi. Yako mekundu na ya manjano yasimamayo kama mienge, yako meupe, yako ya zambarau yaliyojificha nyasini hata uyainamie. Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu, wala sioni jina linalopafaa zaidi, maana hakuna mkono wa mtu uliopanda wala kumwagilia.

Aina za mimea huhesabiwa kadiri ya 350, na katika hizo 45 ni okidi. Okidi hizi haziparamii miti, huota ardhini. Chini ya shina mna viazi viwili: kimoja cha zamani, kinacholisha ua la mwaka huu, na kimoja kipya, akiba ya mwaka ujao. Akichimbuaye hicho kipya amelimaliza ua lenyewe. Tena mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota zisipokutana na kuvu ya namna fulani udongoni.

Na viazi hivyo vinatafutwa sana. Huko Zambia hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga na kupikwa chikanda, chakula kikatwacho vipande kama nyama. Vilipoadimika kwao, wafanyabiashara waligeukia nyanda za kusini mwa Tanzania. Na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Ni rahisi kumlaumu mchimbaji. Walakini naye ana watoto wa kusomesha, na kiazi cha okidi, tofauti na viazi vya shambani mwake, hakimdai mbegu wala mbolea. Naona askari peke yake hataliweza jambo hili, maadamu mnunuzi yupo ng'ambo ya mpaka.

Kijana apatapo nafasi na aende, kwa koti zito na viatu imara. Asisahau kuangalia juu pia: miezi hiyo ya maua ndiyo mbayuwayu wa buluu huja kuzaa huko, akipita chini chini juu ya nyasi, kabla ya kurudi kaskazini, pande za Uganda.